Matundu ya Darini

Mafundi walipoondoka, Zipporah alisimama ukumbini akiitazama dari. Walifika saa tatu asubuhi, na saa nne haijatimia wamekwisha kufungasha mashine yao ya kufyonza vumbi. Nyumba ile ya Malindi ina matundu kumi na moja ya kupitishia hewa baridi. Miaka tisa alikuwa akiitunza, tangu alipotoka kwao Kakuyuni, na kuvifuta tu vifuniko vya matundu hayo humchukua asubuhi nzima.

Bi Hadiya, mwenye nyumba, alikuwa akirudi siku hiyohiyo baada ya kulazwa siku sita Kilifi kwa pumu. Daktari alishauri hewa ya nyumbani ichunguzwe, ndipo mwanawe, Abdulhakim, akatafuta watu wa kusafisha mabomba ya hewa yapitayo juu ya dari. Zipporah ndiye aliyemkuta bibi yule siku aliyobanwa: kashika ukingo wa meza, midomo imegeuka rangi, maneno hayatoki. Tangu hapo moyo wake haukutulia.

Alipitisha kitambaa cheupe juu ya kifuniko cha ukumbini, kikatoka safi. Angeridhika, lakini jicho lake lilinasa skrubu. Zilikuwa bado zimegandwa na rangi ya dari iliyopakwa mwaka juzi, haina hata mkwaruzo. Kama hawakufungua, ndani wamesafishaje?

Akaleta ngazi na bisibisi. Akapanda hadi darini. Alikishusha kifuniko, akaingiza mkono wenye simu, akapiga picha. Aliona vumbi limelala kama pamba, kinyesi cha mijusi, na ukungu mweusi ubavuni mwa bomba. Akaenda chumbani kwa Bi Hadiya, akafungua tundu lililo juu ya mto wa kitanda. Huko kulizidi.

Alimpigia Abdulhakim, ambaye alikuwa njiani na mamake. Abdulhakim alisema Phineas, mkuu wa mafundi, amekwisha kumwarifu kuwa kazi imekamilika, naye ni mtu anayemwamini.

"Zipporah, wewe ni fundi?"

"Si fundi. Lakini mashine hii ya hewa ikiwashwa leo, mama atavuta uchafu huu. Mimi siiwashi."

Simu ikakatika. Zipporah hakuwahi kumjibu hivyo hata siku moja. Alimtumia zile picha, kisha akazima swichi kubwa ya umeme wa mashine, akakaa jikoni. Je, kama mabomba yote huwa hivyo, naye hajui? Je, kama kazi ndiyo imemponyoka?

Gari lilipoingia, alimpokea Bi Hadiya, akamwamkia shikamoo, akamkalisha barazani penye upepo. Bibi alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Abdulhakim alipita moja kwa moja ndani, akapanda ngazi mwenyewe na kanzu yake nyeupe. Aliposhuka mkono ulikuwa mweusi hadi kifundo. Akampigia Phineas kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko ukali.

Phineas alirudi alasiri. Hakubisha, alikiri walikuwa na kazi nyingine Mtwapa, wakafungua matundu mawili yaliyo karibu na mashine ya hewa, mengine wakayafuta juujuu. Bi Hadiya akapelekwa kwa dadake, Mwanasiti, na kazi ikaanza upya. Ilichukua siku mbili. Zipporah alipanda nyuma ya mafundi kila tundu, akimulika kwa tochi na kupapasa kwa kitambaa. Matatu aliyakataa, wakayarudia wakinung'unika.

Siku ya tatu asubuhi mashine iliwashwa. Bi Hadiya, aliyerudishwa nyumbani, alikaa ukumbini na kikombe cha chai, naye Zipporah akakaa mkabala, akiifuata kila pumzi yake ikipanda na kushuka. Mara bibi akakohoa. Zipporah aliruka akasimama, mkono tayari kwenye pampu ya dawa ya pumu iliyokuwa mezani.

"Keti, mwanangu," alisema Bi Hadiya. "Ni chai tu imenipalia."

Alikaa. Ila pampu hakuiachilia mpaka adhuhuri.