Namba Ubavuni mwa Diski

Miaka sita Zawiyah alifanya kazi ya mkataba kwenye chumba cha kuhifadhia data pale Bayan Lepas, Penang, chumba chenye baridi ya mochwari na mabosi wanaofanana nayo. Mwaka huu waliahidi kumpa ajira ya kudumu kwa sharti moja: aandike amri ya kompyuta ya kufuta diski, amri isiyoweza kuleta msiba.

Akaandika. Diski tupu, amri ilizifuta hata mia kwa mkupuo, bila neno. Diski yenye kitu ndani ilikugomea mpaka uende kabatini, uiname, usome namba iliyobandikwa ubavuni mwake, urudi uiandike yote. Herufi ambayo mashine huipa kila diski haikutosha, maana mashine ikizimwa na kuwashwa, diski iliyoitwa B jana, leo inaweza kuitwa C. Mwishoni skrini ilitangaza: Imeandikwa na Zawiyah. Ndiyo desturi ya pale, kila chombo kibebe jina la aliyekitengeneza.

"Dada Zawi, hii amri au mama mkwe?" Yoges wa meza ya pili alimchokoza. "Nimekuja kufuta, nahojiwa kama nimekuja kuposa!"

"Mama mkwe angekuwepo mwaka jana, Yoges, usingefuta orodha nzima ya mishahara."

Bosi Khairil hakucheka. Tumbo lake na kuinama walikuwa wameachana zamani.

"Mimi nipige magoti mbele ya kabati, nisome tarakimu kumi na mbili? Toa hilo swali la namba."

"Bosi, hilo swali ndiyo amri yenyewe. Likitoka, kinachobaki ni kiberiti."

"Mkataba wako unaisha lini vile?"

Hakulitoa. Alipokwenda Ipoh kumzika baba yake, Khairil alimwagiza Yoges alitoe, na Yoges akalitoa kabla wali wake wa mchana haujapoa.

Ijumaa mashine zikazimwa na kuwashwa upya. Khairil, akikimbilia swala, akaandika B, jina la jana la diski aliyotaka kuifuta, akabonyeza. B ya siku hiyo ilibeba picha za meno za kliniki kumi na moja. Nakala ya akiba? Ilipangwa kufanywa wiki ijayo, kama ilivyopangwa wiki iliyopita.

Skrini ikajibu kwa adabu: Imefutwa. Imeandikwa na Zawiyah.

Jumatatu Zawiyah aliitwa kikaoni, udongo wa makaburini bado uko viatuni. Mkurugenzi akasukuma karatasi yenye picha ya ile skrini.

"Jina la nani hili?"

"Langu. Lakini swali la namba limetolewa, mheshimiwa. Muulizeni Yoges."

"Yoges, kulikuwa na swali?"

Yoges akamtazama Khairil, kisha akatazama sakafu. "Sikumbuki, mheshimiwa."

"Pole kwa msiba, Zawi," Khairil akasema, akimsogezea boksi tupu la kukusanyia vitu vyake.

Mwezi uliofuata swali lilirudishwa, neno kwa neno, kutoka kwenye nakala aliyoiacha Zawiyah. Chini yake sasa panasomeka: Imeandikwa na Khairil. Yeye bado hainami. Anayepiga magoti kabatini na kusoma tarakimu kumi na mbili kwa sauti ni Yoges, na akikosea moja, anaanza upya.