Nani Atamwosha Mama

Mama alikuwa mwosha maiti. Katika mtaa wetu wa zamani, pembeni mwa Dodoma, ambako wengi wetu tulikuwa na asili ya Kondoa, mwanamke akifa aliitwa yeye na shoga yake wa nyumba ya pili. Walichokiona nyuma ya pazia hakikutoka nje. Wao wenyewe walishaahidiana: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Mama aliungua vibaya kifuani utotoni na hakutaka mtu mwingine amwone.

Kisha wakaja wataalamu wa makazi ya mfano, mashati yamepigwa pasi, wakatupangia maisha kama mtu apangavyo vyombo kabatini. Walisema watu wa asili moja tumerundikana, na hilo linatuchelewesha. Kila kaya ingepewa nyumba kwa kura ili tuchanganyike, na mikusanyiko ingeombewa kibali. Wao wote, nilikuja kujua baadaye, waliishi mtaa mmoja. Bado nikikumbuka hilo nakasirika.

Mkutanoni mama alisimama. "Wanangu, mimi na mwenzangu huyu tupeni nyumba za jirani. Mmoja akifa, mwingine amwoshe."

Mkubwa wao akatabasamu. "Ondoa shaka, mama yangu. Jamii mpya itajijenga yenyewe."

Watu wakapiga makofi, maana asiyepiga alionekana mpinga maendeleo.

Kura ikamtupa shoga yake upande wa Makutupora, sisi ng'ambo nyingine kabisa ya mji. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo: umeme, bomba, sakafu ya vigae. Mama alikaa mlangoni akisalimia wapita njia, nao wakaitikia vizuri na kwenda zao. Alipougua na kuzidiwa aliniuliza jambo moja tu.

"Mwenzangu atafika?"

"Atafika, mama."

Alifariki alfajiri, mvua ikinyesha. Nikampigia shoga yake. Akasema anatoka sasa hivi. Tulimsubiri mpaka adhuhuri. Korongo la njiani lilikuwa limejaa maji, magari ya upande wao yamekwama, na shehe akasema maiti asicheleweshwe zaidi. Sina dada, na mtoto wa kiume hamwoshi mama yake. Majirani walikuwa watu wema, wakaleta viti na chai, lakini si wa dini yetu. Msikitini wakatutafutia mama mmoja kutoka mtaa mwingine.

Alimaliza kazi yake, akatoka nyuma ya pazia akijifuta mikono. "Masikini, alikuwa na kovu kubwa kifuani," akasema mbele ya watu wote. Hakuwa na nia mbaya. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikuwa tumesharudi kutoka makaburini shoga yake alipofika, kanga imelowa mpaka kiunoni. Alitoa mkobani kitambaa kizito cheupe alichokuja nacho cha kumsitiri kifua wakati wa kumwosha. Akakiweka mapajani.

"Nani kamwosha?" akaniuliza.

"Simjui," nikamwambia.