Maganda ya Maembe Hayakuua Samaki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka napandwa na hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nakaa Ilomba kwa shangazi yangu Atupele. Yeye na wajane wenzake watano walichimba bwawa kwa majembe yao, wakafuga perege. Chakula cha dukani kilikuwa ghali, ndipo shangazi akaanza kuchukua maganda ya maembe yanayotupwa na kiwanda cha juisi. Aliyaanika mpaka yakauke kabisa, akayasaga, akayachanganya na pumba na dagaa. Samaki wakanenepa.

Akaitwa msibani Iringa. Akaniachia magunia mawili: "Anika, geuza, saga. Yakiota ukungu, tupa."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikutaka kuinama. Magunia yalikaa siku nne, yakaoza, yakanuka. Nikayamwaga bwawani yote, nikaenda kucheza mpira.

Asubuhi samaki walikuwa juu ya maji wanatweta. Kufika mchana wamekufa wote. Wale mama walipolia, nikasema, "Maganda haya yana sumu. Shangazi aliwadanganya."

Shangazi aliporudi, wenzake walimweleza niliyosema. Alikunja kanga, akaingia bwawani, akaibuka na konzi ya maganda yaliyooza. Akayabandika kiganjani mwangu mbele ya wenzake.

"Samaki nakusamehe, tutapanda wengine. Lakini uozo huu ulimaliza hewa majini; umewaua kwa uvivu, kisha ukanizika mimi kwa ulimi. Waambie!"

Nikasema yote. Wanne waliniamini. Mmoja alikataa, akajitoa, akaenda akihadithia mtaa kwa mtaa kwamba maganda yana sumu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Miaka mingi watu waliyaogopa maganda yale, yakawa yanaozea mtoni, na samaki wao wakidumaa kwa pumba tupu.

Sasa juzi nakusikia wewe, simu mkononi, unawaambia wafugaji wenzako wa mtaa wa Soweto kwamba maganda ya matunda yanaua samaki! Umewahi kuanika hata ganda moja? Huo ni uongo wangu mimi, nawe unautembeza bila haya!

Nisikilize. Kazi uliyopewa ifanye yote, hasa pale inapochosha. Ukiharibu, sema "nimeharibu" siku hiyohiyo, usimtwishe mwingine. Na usilolijua, uliza kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Haya, nimefoka vya kutosha. Mungu akupe mikono isiyokwepa kazi na ulimi usiomwonea mtu. Nenda, mwanangu, ufuge, ukue.