Mto Uliofurika Kabla ya Mvua

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Mwandishi ameyaona kwa macho yake mawili, na mtu akishastaafu hana faida na uongo. Amekwisha kuapa mbele ya mashahidi: atakayemkamata na chumvi hata punje moja, amtumikishe wiki nzima.

Saa tatu kamili asubuhi. Mwanamke mwenye koti la mvua lililopauka anainamia kipimamvua nyuma ya ofisi. Anamimina maji kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, anasogeza jicho mpaka pua inakaribia kulowa. Kisha anaingia ndani, anakaa mbele ya kompyuta inayokoroma kama mzee aliyeshiba, anaandika.

Wenzake humwita Mama Lebo. Mezani kwake hakuna kisicho na lebo: kikombe, mkasi, hata kiti. Siku moja mumewe alisinzia kwenye kochi akaamka na karatasi kifuani: “Mume. Kilo themanini. Amepimwa baada ya kula.”

Kazi yake ni kutunza mafaili ya mvua. Nyuma ya ukuta yuko mtaalamu wa mito, wao humwita Daktari, na mafaili yake ya mto. Kompyuta hujifunza kutoka mafaili yote mawili ili, mvua ikitabiriwa, iwatumie wakazi wa bondeni onyo la mafuriko. Bondeni ndiko anakoishi mdogo wake Mama Lebo, na watoto.

“Mwaka jana onyo lilinikuta juu ya kabati,” anasema mdogo mtu. “Simu inalia, nasoma: jiandae, maji yanakuja. Nikaiambia, yamekuja, yamekaa, yamevua viatu!”

Mwandishi aliliona kabati hilo likielea mtaa mzima, mama huyo juu yake akisalimia majirani dirisha kwa dirisha.

Ofisini walipofungua mafaili kutafuta kosa, wakakuta maajabu. Mto ulifurika Jumatatu. Mvua ikanyesha Jumanne.

“Mto wako umelewa,” Mama Lebo akamwambia Daktari.

“Mto wangu mzima kabisa, dada. Mvua yako ndiyo inayochelewa kazini.”

Kumbe Mama Lebo alikuwa akisoma kipimo asubuhi na kukiandikia tarehe ya asubuhi hiyo, hata kama maji yote yalianguka jana yake. Ndivyo alivyofundishwa. Kompyuta nayo ikafunzika hivyohivyo: mto hutangulia. Ikawa inasubiri mto upande kwanza ndipo iamini mawingu.

Juu ya kila faili hukaa mistari michache ya maelezo, wenyewe huiita metadata. Ni kama kibandiko cha chupa ya dawa. Kikikosea, mgonjwa atanyweshwa dawa ya kuchua. Kukubaliana mistari hiyo iandikweje kuliwatoa jasho. Kikao cha kwanza kilirefuka hata buibui akaanzia begani kwa Daktari, akafika kwenye taa, akamaliza nyumba na kualika wageni.

“Andika siku iliyonyesha,” Daktari alisisitiza.

“Mimi silali na kipimamvua! Naandika nilichokiona, siku niliyokiona. Na wewe mbona huandiki nani aliyepima, wala kwa chombo gani?”

“Mto ni mto, dada. Haujali nani kaupima.”

“Mashine yako ya kupimia mto ilitolewa ikarudishwa imepinda, kaka. Faili lako linajua?”

Daktari akafunga faili.

Vikao vikavunjika, msimu wa mvua ukazidi kusogea. Siku ya kikao cha mwisho mawingu yalikuwa yameshajazana dirishani. Mama Lebo alitaka kumwonyesha Daktari jinsi faili lake lilivyo safi, akafungua siku ya mafuriko. Jumatatu: hakuna mvua.

Akaisoma mara mbili.

“Hapo ndipo nilipovunjika nguvu,” anasema. “Faili langu, kwa mkono wangu, lilisema mdogo wangu alikuwa pakavu. Nikamwambia Daktari, haya, umeshinda.”

“Sikushinda,” anasema Daktari. “Nilikwenda kuikagua ile mashine iliyopinda.”

Wakapatana. Kila faili litasema juu yake: wapi, kuanzia saa ngapi ya siku gani mpaka saa ngapi, kwa chombo gani, na mkono wa nani. Sasa Mama Lebo anarekebisha mafaili ya nyuma, moja baada ya jingine, akishindana na mawingu.

Mwandishi alipompelekea Mama Lebo makala haya, aliyasoma huku mdogo wake akiwa pembeni.

“Babu, hapa kabati linaelea. Nani aliona?”

“Mimi.”

“Ukiwa wapi?”

“Dirishani… kwa binti yangu.”

“Binti yako aliyeolewa safari ya siku mbili kutoka hapa?”

Mdogo mtu akashika mbavu. “Mzee wangu, kabati langu limejengewa ukutani! Lingeelea, lingeondoka na nyumba!”

Ahadi ni deni. Asubuhi hii aliyeinamia kipimamvua, pua ikidondosha maji, ni mwandishi. Mama Lebo amemsimamia na mwavuli, asiokusudia kumfunika nao.

“Mwaka huu nataka onyo limkute mdogo wangu miguu iko sakafuni, anafunga mabegi,” anasema. “Basi. Soma, babu.”

Mwandishi anasoma. Mama Lebo anaandika, kisha anaongeza mstari juu ya faili: “Mpimaji: mzee mstaafu. Asiaminiwe bila shahidi.”