Naenda Lisbon, Shangazi Acheke Tu

Hili sijamwambia mtu: naogopa sana kuhamia Lisbon.

Kazi yangu ni kujibu wateja kwa kompyuta, naweza kuifanya popote. Tiketi nimeshakata.

Basi leo tumealikwa kwa Shangazi, mtaa wa Thornton Heath. Nyumba imejaa wageni. Mama akaitaja safari yangu.

Shangazi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huyu? Hata chipsi tunamwagizia sisi! Wiki moja tu, atarudi analia."

Wote wakacheka.

(Ya chipsi ni kweli. Lakini jamani!)

Mnanijua, mimi nikisemeshwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ndogo. Leo nikasimama, nikasema kwa Kiswahili, wote wasikie:

"Shangazi, naenda. Kama una mzigo wa kunipa, nipe."

Watu wakanigeukia, sambusa zao mikononi.

Shangazi akaingia jikoni, akarudi na mfuko wa bizari. "Shika. Usije ukanitia aibu huko kwa mchuzi usio na ladha."

Nikaupokea kwa mikono miwili.

Naenda hivyo hivyo, na hofu yangu. Wewe ungemjibu nini?

Ila tafadhali, Shangazi asijue kwamba naogopa.