Ardis Ahamia Ziwani

Watu wa Halvor Lake, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, walikuwa wakimtania Ardis Tollefson kwamba aliolewa na uwanja wa ndege kabla ya kuolewa na mtu. Yeye hakubisha. Shamba la baba yake lilipakana na uwanja, na tangu utotoni alikuwa akiruka ua kwenda kushika mabawa ya ndege za watu. Alipokua akajifunza kurusha, kisha akawafundisha wengine. Mumewe alipofariki, baraza la mji lilimkabidhi uwanja wote: kuuza mafuta, kufyeka nyasi, na kupika katika kijumba kilichotazamana na njia ya kurukia.

Kijumba hicho ndicho kilichowaleta watu. Marubani walitoka mbali wakidai wanajaribu injini, lakini kila mtu alijua kilichokuwa kikijaribiwa ni pai ya Ardis.

Mambo yaligeuka mwaka ule lami ya njia ya kurukia ilipoanza kupasuka. Upande wa mashariki zilikuwa zimeota nyumba mpya, na wenye nyumba hizo walilalamikia kelele za ndege. Wengine waliuliza kwa nini mji mzima ulishe uwanja wa watu wachache. Mwenyekiti wa baraza, Delmar Kvistad, akaja na dawa yake: kila ndege itakayogusa lami ilipe ada ya kutua. Kifaa kitafungwa juu ya mlingoti kisome namba ya ndege, na ankara imfuate mwenye ndege hadi nyumbani.

Delmar huyo alifundishwa kurusha na Ardis, ingawa alikuwa ameacha miaka mingi. Kwenye mkutano wa baraza Ardis alisimama, naye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Delmar, mgeni ukimtoza mlangoni, mezani hafiki."

"Mwalimu, lami haizibwi kwa pai," Delmar akajibu, na watu wakacheka. Ada ikapita.

Ardis alikuwa amesema kweli. Wageni walianza kupita juu kwa juu, wakitikisa mabawa kumsalimu, wakaenda kula kwingine. Wanafunzi ndio waliomuuma zaidi. Anayejifunza hutua na kupaa, hutua na kupaa, somo zima, na kila mguso ulikuwa ada. Mmoja mmoja wakahamia kiwanja cha wilaya jirani. Kufikia majira ya majani kupukutika, Ardis alikuwa akioka pai na kuzipeleka kanisani, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuzila.

Baridi ikaingia, ziwa likaganda. Siku moja Ardis alimfuata rafiki yake Vern, mkulima mwenye ndege na mwili mkubwa, aliyekuwa akivua samaki kupitia tundu la barafu, ndani ya kibanda chake kilichosimama juu ya ziwa. Akamuuliza kama barafu ilikuwa imeshika vizuri.

"Inabeba lori langu," Vern akasema, "na lori langu linanibeba mimi."

Ardis akacheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu kiangazi. Kisha akauliza ziwa ni la nani. Vern akasema ni la watu wote. Wakatazamana.

Wiki hiyo walilima theluji kwa trekta mpaka ikapatikana njia ndefu ya barafu, wakaichomekea matawi ya misonobari kando zote mbili. Wakaburuta vibanda vya wavuvi wakaviunganisha, na Ardis akahamishia humo jiko lake. Habari ikaenea kwa marubani: ziwani hakuna mlingoti.

Jumamosi ndege zilitokea kusini, moja nyuma ya nyingine, nyingine zikiwa na mbao za kutelezea chini yake badala ya magurudumu. Zilipangana kati ya wavuvi kama ng'ombe mnadani. Mji mzima ulishuka ziwani kula chapati za maji na pai, hata wajumbe wa baraza. Delmar alikuja mwisho, mikono mfukoni.

"Umekuja kunifukuza?" Ardis akamuuliza.

"Mke wangu yuko hapa, chakula changu cha mchana kiko hapa. Nitabaki nyumbani na nani?"

"Basi panda."

Wakapaa katika ndege ya Ardis, ile ya manjano. Kwa chini uwanja ulilala mweupe, hauna hata alama ya gurudumu, na pembeni yake ziwa lilikuwa limejaa watu na rangi. Delmar aliinamia dirisha kutazama. Ardis akaondoa mikono kwenye usukani na kumwachia. Delmar akaushika, ndege ikayumba kidogo, ikatulia, naye akaanza kucheka peke yake.

"Mwalimu, nimekuwa mjinga kiasi gani?"

"Kiasi cha kawaida tu."

Kabla ya barafu kuyeyuka, baraza liliifuta ada. Badala yake walijenga banda la kulaza ndege kwa kodi, na wakulima wakajitolea kuziba nyufa za lami. Haikutosha kwa yote. Kila bajeti bado ina vita vyake. Wanafunzi walirudi, Delmar akiwa miongoni mwao, akitua kwa kurukaruka kama chura.

Majira hayo ya kuchipua, bibi mmoja wa nyumba mpya, Joyce Rasmusson, muuguzi mstaafu, alikuja kulalamikia kelele. Ardis alimkaribisha kahawa, wakazungumza mpaka jua likapinda. Siku hizi Joyce huja kuruka kila Jumanne, akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, na Ardis humkalisha kiti cha mbele cha ndege.

"Usiniambie chochote kwanza, Ardis," husema akifunga mkanda. "Nirushe tu nione."