Zamu ya Papa

Juzi nilipita ufukweni Uvira, nikakuta ziwa limeingia mpaka ndani ya baa tuliponunuliwa Fanta nilipokuwa mtoto.

Siku ile mimi na Papa, baba yangu, tulitoka kwetu Lubarika, kwenye mashamba ya mpunga. Papa alikuwa amegombezwa na majirani: katika zamu yake ya maji alisahau kuziba mfereji kwa tope, na mpunga wa jirani ukazama. Basi nilipoliona ziwa kwa mara ya kwanza, nilijua mara moja yale maji yametoka wapi. Samaki wadogo wa ndagala walinukia juani, watoto waliogelea wakipiga kelele, mashua zilinguruma kuelekea bandari ya Kalundu. Sikufurahia chochote. Niliogopa watamkamata Papa.

"Papa," nilimnong'oneza, "ni weye uliacha maji yote haya?"

Alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Hapana, mwanangu. Haya iko ya Mungu. Hakuna mwenye kuyafunga."

Nikavua viatu, nikaenda kuoga.

Juzi mwenye baa alikuwa anaokota viti, maji yamemfika magotini. "Inapanda tu," aliniambia. Nikajikuta natazama huku na huku, natafuta tope la kuzibia.